Spider-Man ni wa nani? Jinsi shujaa mmoja alivyopata mabwana wawili

Mwezi Agosti 2019, wiki chache tu baada ya filamu ya Spider-Man: Far From Home kuvuka mapato ya dola bilioni moja duniani, habari zilitoka Hollywood kwamba kijana huyo anayeruka kutoka jengo hadi jengo mjini New York ameondolewa katika familia ya mashujaa wa Marvel. Hakuwa ameshindwa na adui. Kampuni mbili zilikuwa zimeshindwa kuelewana kuhusu fedha. Mashabiki walijaa kwenye mitandao ya kijamii kwa hasira, baadhi wakitaka filamu za Sony zisusiwe, wengine wakiilaumu Disney kwa uroho.

Kwa mtazamaji wa kawaida, ugomvi huo ulikuwa kitendawili. Spider-Man ni mhusika wa Marvel, na Marvel ni mali ya Disney tangu mwaka 2009. Sasa Sony, kampuni ya Kijapani inayojulikana kwa televisheni na PlayStation, imeingiaje hapo? Na inakuwaje ina uwezo wa kumwondoa mtoto katika nyumba aliyozaliwa?

Jibu fupi ni hili: Disney, kupitia Marvel, inammiliki Spider-Man kama mhusika wa vitabu vya katuni, na pia inamiliki biashara ya nguo, mabegi na vitu vya kuchezea vyenye sura yake. Sony ina haki ya kumtengenezea filamu. Jibu refu lina kufilisika, kesi mahakamani, wadukuzi wa kompyuta na hata James Bond ndani yake. Nalo linaeleza mambo mengi ambayo watazamaji wamekuwa wakiyaona kwenye skrini bila kujua yametoka wapi.

Mtoto ambaye mchapishaji hakumtaka

Spider-Man alionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 15 la kitabu cha katuni cha Amazing Fantasy, lenye tarehe ya Agosti 1962, lililouzwa kwa senti 12. Mwandishi alikuwa Stan Lee, mchoraji Steve Ditko. Kwa masimulizi ya Lee, mchapishaji wao, Martin Goodman, hakulipenda wazo hilo hata kidogo. Watu wanachukia buibui, alisema. Kijana wa umri wa shule anaweza kuwa msaidizi wa shujaa tu, si shujaa mwenyewe. Na shujaa gani huyo mwenye matatizo ya pesa na mapenzi? Lee alipata nafasi ya kumtoa kwa sababu kitabu chenyewe kilikuwa kinaelekea kufungwa, kwa hiyo hakukuwa na cha kupoteza.

Mambo yale yale Goodman aliyoyaona kuwa kasoro ndiyo yaliyouza. Peter Parker ni yatima wa mtaa wa Queens, analelewa na ami yake Ben na mke wa ami, May. Ni mpole, amevaa miwani, anachekwa shuleni. Buibui aliyepata mionzi anamuuma, anapata nguvu, na jambo la kwanza analofanya si kuokoa dunia bali kutafuta pesa kwa kupigana mieleka. Anamwacha mwizi apite mbele yake kwa kuwa haimhusu. Mwizi huyo ndiye baadaye anamuua ami yake. Hadithi nzima ilikwisha katika kurasa 11.

Halafu kuna vazi. Ditko ndiye aliyelibuni, na alifanya jambo ambalo wachoraji wengi wa wakati huo hawakulifanya: aliufunika uso wote. Superman hana barakoa kabisa, na ya Batman inaacha mdomo na kidevu wazi. Spider-Man haonyeshi hata kipande cha ngozi. Stan Lee alisema mara nyingi katika miaka yake ya uzeeni kwamba hilo alilipenda, kwani mtoto yeyote wa rangi yoyote angeweza kujiona ndani ya vazi lile. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu mkataba wa filamu ulikuja kuwa na maoni tofauti.

Haki zilivyozunguka

Leo ni vigumu kuamini, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyejua la kufanya na Spider-Man katika sinema. Mwaka 1985 Marvel iliuza haki za filamu kwa kampuni ya Cannon, ya binamu wawili kutoka Israel, Menahem Golan na Yoram Globus, waliosifika kwa filamu za mapigano za gharama nafuu. Bei ilikuwa dola 225,000 kwa miaka mitano, pamoja na mgawo wa mapato. Inasimuliwa kwamba mabwana hao hawakuwa wamemwelewa mhusika wao: mswada wa awali ulimfanya kijana ageuke dubwana lenye miguu minane.

Cannon ikaanguka. Golan akaondoka na haki za Spider-Man, na ili apate fedha akazikata vipande: televisheni akaiuzia Viacom, kanda za video akaziuzia Columbia, na sinema ikaenda kwa kampuni ya Carolco, iliyomwajiri James Cameron kuandika hadithi. Carolco nayo ikafilisika mwaka 1995. Kila aliyekuwa na kipande akawa anamshitaki mwenzake. Juu ya hayo yote, Marvel yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Desemba 1996, baada ya soko la vitabu vya katuni kuporomoka. Mwenye mhusika alikuwa hana pesa, na waliodai kuwa na haki walikuwa hawana filamu.

Hapo ndipo Sony, iliyokuwa imeinunua Columbia mwaka 1989, ilipoingia. Mwandishi wa habari Ben Fritz, katika kitabu chake kuhusu Hollywood kilichotoka mwaka 2018, anaeleza kwamba Marvel, ikiwa na njaa ya fedha, iliipa Sony nafasi ya kununua haki za filamu za karibu wahusika wake wote waliokuwa hawajauzwa, wakiwemo Iron Man, Thor na Black Panther, kwa dola milioni 25. Wakubwa wa Sony wakajibu kwamba hakuna anayewajali hao wengine, nendeni mkamchukue Spider-Man peke yake. Wakamchukua, kwa dola milioni 10 na asilimia 5 ya mapato ya filamu kurudi Marvel. Sidhani kama kuna uamuzi mwingine katika biashara ya sinema ya zama zetu uliogharimu zaidi ya huo.

Kilibaki kikwazo kimoja. Kampuni ya MGM ilishikilia kwamba nayo ina madai juu ya Spider-Man, yaliyotokana na mabaki ya Cannon na Carolco. Sony kwa upande wake ilikuwa inataka kutengeneza filamu zake za James Bond, jambo lililoikera MGM, mwenye Bond. Mwaka 1999 wakabadilishana: MGM ikaacha madai yake kwa buibui, Sony ikaacha yake kwa jasusi, ikiwemo haki ya kitabu cha Casino Royale.

Filamu ya kwanza, ya mwongozaji Sam Raimi akiwa na mwigizaji Tobey Maguire, ilitoka Mei 3, 2002. Tangazo lake la awali, lililoonyesha helikopta ya majambazi ikinaswa kwenye utando uliotandwa kati ya minara miwili ya World Trade Center, lilikuwa limeondolewa baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Katika siku tatu za kwanza iliingiza dola milioni 114.8 Marekani na Kanada pekee. Hakuna filamu iliyokuwa imewahi kuvuka milioni 100 mwishoni mwa wiki moja. Duniani kote ilifika zaidi ya dola milioni 800.

Marvel ilitazama fedha hizo zikipita mlangoni mwake. Ndiyo maana mwaka 2005 ilikwenda benki ya Merrill Lynch kutafuta mkopo wa hadi dola milioni 525 ili ianze kutengeneza filamu zake yenyewe, ikiweka rehani haki za wahusika kumi. Iron Man ikatoka mwaka 2008. Kila kilichofuata, hadi Disney kuja kununua kampuni nzima kwa takriban dola bilioni nne, kilijengwa kwa wale wahusika ambao Sony haikuwataka.

Kwa nini anaanza upya kila mara

Wapenzi wa filamu hizi wamezoea kuuliza: kwa nini kila baada ya miaka michache analetwa mwigizaji mpya, na ami Ben anakufa tena? Watu huwalaumu waandishi kwa kukosa mawazo. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye mkataba.

Sony haikununua haki za milele bila masharti. Kwa mujibu wa toleo la mkataba la mwaka 2011 lililokuja kuvuja, lazima ianze kupiga filamu mpya ndani ya miaka mitatu na miezi tisa tangu ile iliyotangulia kutoka, na iitoe ndani ya miaka mitano na miezi tisa. Ikichelewa, haki zinarudi Marvel. Ni kama kiwanja ulichopewa kwa sharti la kukiendeleza: usipojenga, unanyang'anywa.

Sasa angalia tarehe. Spider-Man 3 ilitoka Mei 2007. Raimi alikuwa akiandaa ya nne, wakashindwa kuafikiana kuhusu hadithi na muda, na mapema mwaka 2010 ikafutwa. Saa haikusimama. Sony ikamleta Andrew Garfield na kusimulia habari ile ile kutoka mwanzo, katika The Amazing Spider-Man ya Julai 2012, miezi michache tu kabla ya muda kwisha. Haikuwa filamu mbaya, ila ilikuwa na haraka ya mtu anayewahi ofisi ya ardhi kabla haijafungwa.

Ya pili ya Garfield, mwaka 2014, ilifanya vibaya kuliko zote zilizoitangulia. Na mwishoni mwa mwaka huo wadukuzi, ambao serikali ya Marekani ilisema wametumwa na Korea Kaskazini kwa sababu ya filamu ya vichekesho iliyomdhihaki Kim Jong Un, waliingia kwenye kompyuta za Sony na kumwaga hadharani barua pepe za wakuu wake. Ndani yake dunia ilisoma kwamba Sony na Marvel zilikuwa tayari zinazungumza.

Anayeruhusiwa kuwa nyuma ya barakoa

Wadukuzi walifichua kitu kingine. Mwezi Juni 2015 vyombo vya habari vilichapisha vifungu vya makubaliano kati ya kampuni hizo mbili vinavyoeleza Spider-Man lazima awe mtu wa namna gani katika filamu. Asivute sigara. Asitese mtu. Asiue isipokuwa kwa kujitetea au kuwatetea wengine. Na kama aliye ndani ya vazi ni Peter Parker, basi awe Mzungu, asiwe shoga, alelewe katika familia ya kipato cha kati, awe na asili ya Queens.

Kwa upande mmoja, mwenye mali ana haki ya kuilinda isiharibiwe na mpangaji. Marehemu Cannon na dubwana lao wanatosha kuwa sababu. Lakini kifungu cha rangi kiliwashitua wengi, kwa sababu kilikuja wakati mjadala huo ulikuwa umepamba moto. Mwaka 2010 mashabiki walikuwa wameendesha kampeni mtandaoni wakitaka mwigizaji mweusi, Donald Glover, apewe nafasi ya kujaribiwa. Hakupewa. Mwandishi wa katuni za Marvel, Brian Michael Bendis, alisema alimwona Glover kwenye televisheni akiwa amevaa nguo za Spider-Man, akaona picha hiyo inakaa vizuri. Agosti 2011, yeye na mchoraji wa Kiitaliano Sara Pichelli wakamtambulisha Miles Morales wa Brooklyn, mtoto wa baba Mmarekani mweusi na mama wa asili ya Puerto Rico.

Miles hakuwa Peter aliyebadilishwa rangi. Alikuwa mtu mwingine ndani ya vazi, na hapo mkataba haukuwa na la kusema kuhusu ngozi yake. Mwaka 2018 Sony ilimfanyia filamu ya katuni, Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyoshinda Oscar ya filamu bora ya katuni. Mmoja wa waongozaji wake watatu, Peter Ramsey, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hiyo ndiyo filamu bora kuliko zote za Spider-Man, na inafurahisha kwamba ilitoka upande ambao mashabiki wa Marvel huubeza. Ditko alipofunika uso wote, aliacha mlango ambao wanasheria hawakuufunga.

Mafahali wawili, zizi moja

Makubaliano ya Sony na Marvel yalitangazwa Februari 2015. Sony ingegharimia na kusambaza filamu za Spider-Man na kubaki na neno la mwisho; Kevin Feige wa Marvel angezitayarisha; na kijana huyo angeruhusiwa kuonekana katika filamu za Disney pamoja na Iron Man na Captain America. Tom Holland, Mwingereza aliyekuwa na umri wa miaka 19, akachaguliwa. Safari hii hakuna buibui aliyemuuma mbele yetu wala ami aliyezikwa. Alianza akiwa tayari ni Spider-Man, na watazamaji wakashukuru.

Huenda ukajiuliza Disney ilifaidika nini kwa kufanya kazi ya mwenzake. Jibu liko sokoni. Mwaka 2011 ilikuwa imeichukua kutoka Sony sehemu yote ya biashara ya bidhaa za Spider-Man. Kila filamu ya Sony inapofanya vizuri, mauzo ya bidhaa hizo huenda Disney. (Hapa tunazungumzia bidhaa halali. Mabegi mengi ya shule yenye sura ya Spider-Man yanayoning'inia kwenye masoko yetu hayajawahi kumlipa bwana yeyote kati ya hao wawili.)

Ugomvi wa 2019 ulizuka pale Disney ilipotaka zaidi. Kwa mujibu wa magazeti ya biashara ya filamu, ilikuwa inapata takriban asilimia 5 ya mapato ya filamu hizo, nayo ikapendekeza gharama zigawanywe nusu kwa nusu. Sony, ambayo haina mhusika mwingine wa ukubwa huo, ikakataa. Holland alisimulia baadaye kwamba alizungumza kwa simu na mkuu wa Disney, Bob Iger, huku akibubujikwa na machozi katika baa. Septemba 27 wakapatana, huku magazeti hayo yakiripoti kwamba Disney itatoa robo ya gharama na kupata robo ya faida.

Waliorudi pamoja walitengeneza Spider-Man: No Way Home, iliyotoka Desemba 2021, katikati ya janga la Uviko-19, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.9. Ndani yake wanakutana Maguire, Garfield na Holland, watu watatu wa barakoa moja. Watazamaji walilia na kushangilia. Wachache walikumbuka kwamba uwepo wao watatu ulikuwa zao la zile tarehe za mwisho za mkataba.

Sony imejaribu pia kutumia mali yake bila mwenye jina. Mkataba unaipa jirani na maadui wa Spider-Man, kwa hiyo ikatengeneza filamu zao huku yeye mwenyewe hayumo. Venom ya 2018 ilifanikiwa sana. Morbius, Madame Web na Kraven the Hunter hazikufanikiwa, na mtu hahitaji kuwa mtaalamu wa sinema kuona kwa nini.

Na waliomchora je?

Katika hesabu zote hizi, Lee na Ditko hawamo. Mwaka 1962 wachoraji wa Marvel walilipwa kwa ukurasa. Ukimaliza ukurasa unalipwa, na mhusika anabaki kuwa wa kampuni. Ditko aliondoka Marvel mwaka 1966, akakataa mahojiano kwa takriban miaka 50, na akaendelea kuchora katika studio yake mjini New York hadi alipofariki Juni 2018, akiwa na miaka 90. Lee aliishitaki Marvel mwaka 2002, miezi michache baada ya filamu ya kwanza, akidai mgawo wa faida aliokuwa ameahidiwa katika mkataba wake wa ajira. Kesi ikamalizwa mwaka 2005 kwa dola milioni 10. Naye alifariki Novemba 2018.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inampa msanii, au warithi wake, nafasi ya kurudisha haki za kazi ya zamani baada ya miaka 56. Kwa kazi ya 1962, nafasi hiyo ilianza mwaka 2018. Agosti 2021 msimamizi wa mirathi ya Ditko alipeleka notisi ya kutaka haki hizo. Marvel ikaenda mahakamani mwezi uliofuata, ikisema Ditko alifanya kazi kwa kuagizwa na kulipwa, na kwamba sheria hiyo haihusu kazi za aina hiyo. Kama Marvel ingeshindwa, Disney ingelazimika kugawana umiliki wa Spider-Man nchini Marekani na familia ya mchoraji, na mkataba wa Sony ungepata bwana wa tatu.

Majaji hawakupata nafasi ya kuamua. Desemba 2023 pande mbili zilipatana nje ya mahakama na masharti hayakutangazwa. Kwa hiyo umiliki unabaki ulivyokuwa, mpaka miaka 95 ya hakimiliki itakapotimia. Kuanzia Januari 1, 2058, zile kurasa 11 za senti 12 zitakuwa mali ya umma nchini Marekani, na yeyote atakayetaka kusimulia kisa cha yatima wa Queens aliyemwacha mwizi apite hatahitaji ruhusa ya Disney wala ya Sony.